Malale ya Katavi na deni la figo

Kabla madini ya risasi hayajaivuta reli hadi Mpanda, mapori ya miombo ya Katavi yalikuwa himaya ya mbung'o. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imefyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, njaa na maradhi vikapunguza watu, na mashamba yaliyoachwa yakageuka vichaka. Mbung'o wakastawi. Kufikia miaka ya 1920 malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, yalikuwa yameenea magharibi mwa Tanganyika, na Waingereza wakaamua kuhamisha watu: familia zilizokaa mbalimbali porini zilikusanywa katika makazi makubwa, pori likafyekwa pembeni, na vijiji vya zamani vikabaki mahame.

Habari hizo kwa kawaida husimuliwa kupitia amri za watawala. Mimi naona sehemu yake kubwa zaidi imo ndani ya damu.

Vimelea vya nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa pia na mbung'o, huua ng'ombe, lakini binadamu havimwezi. Damu yetu ina protini iitwayo APOL1, ambayo hukitoboa kimelea mpaka kife. Watafiti wa Brussels waliitambua kazi hiyo mwaka 2003. Hata hivyo, ndugu mmoja wa vimelea hivyo, rhodesiense, alijipatia silaha: jeni inayotengeneza protini ya kuidaka APOL1 na kuilemaza. Wanasayansi walimtambua mwaka 1910, kwa mgonjwa aliyetoka bonde la Luangwa, Zambia ya leo. Ndiye aliyeleta malale ya Mpanda, Urambo, Kasulu na Kibondo, na mgonjwa asipotibiwa hufa ndani ya miezi.

Binadamu naye alikuwa na jibu, ingawa hakulipanga. Baadhi ya Waafrika huzaliwa na jeni ya APOL1 iliyopungukiwa na kipande kidogo mno, asidi amino mbili tu za protini, na upungufu huo humnyima rhodesiense mahali pa kushika. Tafiti za Uganda na Malawi zimeonyesha kwamba wenye badiliko hilo hawaugui malale hayo kwa urahisi. Waliosalimika walizaa, wakarithisha.

Kinga hiyo ina gharama. Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani walibaini kwamba mwenye asili ya Afrika aliyerithi nakala mbili za jeni iliyobadilika, moja kwa baba na moja kwa mama, yuko katika hatari kubwa zaidi ya figo kufeli. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikuwa ameonyesha jambo la namna hiyo mwaka 1954: nakala moja ya jeni ya selimundu humkinga mtoto na malaria kali, mbili humletea ugonjwa.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya awali ya inaxaplin, dawa inayoizuia APOL1 isiharibu figo: protini iliyokuwa ikivuja kwenye mkojo wa wagonjwa ilipungua karibu nusu. Wagonjwa wa figo wa Katavi, ambao wazee wao waliishi na mbung'o vizazi na vizazi, wanastahili kupimwa jeni hiyo na kuhesabiwa mapema miongoni mwa watakaoipata.