Jina Katika Daftari: Maisha ya Binti Mfalme Deokhye wa Korea

Jaha ya ukoo wa kifalme hudhaniwa kuwa ngao kwa aliyezaliwa nayo. Aghalabu huwa hivyo maadamu ukoo una dola. Dola ikianguka, jaha hiyo hiyo yaweza kuwa kamba ya kumfungia mwenyewe; kwa kuwa mshindi humsahau mtoto wa mkulima, lakini mtoto wa mfalme hamsahau. Maisha ya Deokhye, binti wa mwisho wa Kaisari Gojong wa Korea, yaonyesha jambo hili waziwazi.

Gojong alitawala katika zama za misiba. Mwaka 1895 mkewe, Malkia Min, aliuawa na Wajapani ndani ya jumba lake. Mwaka 1907 Gojong alipeleka wajumbe The Hague ili walalamike mbele ya mataifa; wajumbe hawakupokelewa, naye akalazimishwa kujiuzulu na kumwachia kiti mwanawe Sunjong. Mwaka huo huo mwanawe mwingine, Yi Un, mwenye umri wa miaka 10, alichukuliwa kwenda Tokyo kwa jina la masomo. Mwezi wa Agosti 1910 Korea ikatwaliwa na Japani. Mkataba uliahidi kwamba jamaa ya kifalme watapewa vyeo, heshima na fedha za matumizi. Ahadi hiyo ilitimizwa, na katika kutimizwa kwake ndimo ilimotoka dhara ya Deokhye.

Deokhye alizaliwa Seoul tarehe 25 Mei 1912, baba yake akiwa na umri wa miaka 59. Mama yake, Bibi Yang, alikuwa mtumishi wa jumbani aliyeinuliwa akawa suria. Kwa desturi ya Korea binti wa malkia huitwa gongju, na binti wa suria huitwa ongju. Walakini kwa miaka mitano mtoto huyu hakuwa na hata cheo hicho cha pili, maana jina lake halikuandikwa katika daftari la ukoo. Aliitwa kwa lakabu ya mama yake tu. Gojong alimpenda mno. Alimfungulia darasa la watoto wadogo ndani ya jumba la Deoksugung ili asiwe mbali na macho yake, akahangaika mpaka mwaka 1917 mtoto akaandikwa.

Baba huyo alitenda kama atendavyo baba yeyote atakaye haki ya mwanawe. Lakini daftari lile lilikuwa mikononi mwa mshindi. Aliyeandikwa humo alihesabiwa katika jamaa ya kifalme. Na masomo, safari na ndoa za jamaa hao vilikuwa chini ya amri ya Tokyo. Husimuliwa kwamba Gojong aliitambua hatari hii, akajaribu kumposesha bintiye kwa siri kwa kijana wa Kikorea, asifaulu. Tarehe 21 Januari 1919 alifariki dunia. Uvumi ukaenea kwamba alipewa sumu, na watu waliokusanyika Seoul kwa mazishi yake wakawa miongoni mwa walioanza harakati kuu ya uhuru ya tarehe 1 Machi.

Mwaka 1921 binti alipewa rasmi jina la Deokhye. Mwaka 1925 alipelekwa Tokyo, katika shule ya mabinti wa masharifu, kama alivyopelekwa kaka yake kabla yake. Mwaka 1929 mama yake alikufa. Muda si muda maradhi ya akili yakamshika: akawa hutembea usingizini, na watu akawaepuka. Hata hivyo mwezi wa Mei 1931 aliozwa So Takeyuki, mkuu wa ukoo uliotawala kisiwa cha Tsushima. Kisiwa hicho kiko kati ya Korea na Japani, na kwa karne nyingi mabwana wake walikuwa wapatanishi wa nchi hizo mbili. Mwaka 1932 alizaliwa binti yao, Masae. Herufi za jina hilo zikisomwa Kikorea huwa Jeonghye, na herufi ya mwisho ni ile ile iliyomo katika jina la mama.

Baada ya vita Deokhye alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Tokyo. Mwaka 1947 vyeo vya masharifu vikafutwa. Katika miaka ya 1950 ndoa ikavunjika, na mwaka 1956 Masae akatoweka, asionekane tena. Wakorea wengi walimlaumu mume kwa ukatili, ingawa maradhi yalitangulia ndoa, na yeye alikuwa amepangiwa mke kama mke alivyopangiwa mume.

Korea ilipata uhuru mwaka 1945, lakini serikali ya Rais Syngman Rhee haikutaka jamaa ya kifalme warudi. Jamhuri changa iliogopa jina lile lile ambalo Japani ililitumia. Mwandishi wa magazeti Kim Eul-han aliendelea kumpigania, na tarehe 26 Januari 1962 Deokhye alitua Seoul baada ya miaka 37 hivi. Mlezi wake wa zamani, sasa mzee, alikwenda kumpokea. Alimaliza siku zake Nakseonjae, ndani ya jumba la Changdeokgung, pamoja na Yi Bangja, mke wa Kijapani wa kaka yake Yi Un. Deokhye alifariki tarehe 21 Aprili 1989. Wifi yake alimfuata baada ya siku tisa.

Mwaka 2016 sinema ya Kikorea ilimwonyesha akishiriki katika mapambano ya uhuru, jambo ambalo historia hailithibitishi. Japani ilimtaka awe kielelezo cha muungano. Wazao wa waliotawaliwa wakamtaka awe shujaa. Baba yake peke yake ndiye aliyemtaka awe binti yake, na hilo nalo hakulipata ila kwa idhini ya wengine. Deokhye amezikwa Namyangju, karibu na kaburi la baba huyo.