Watangazaji wa Usiku na Muuaji wa Dirishani

Mwaka 1957 vituo vya runinga vya Marekani viliuziwa filamu 52 za kutisha kwa mpigo mmoja. Furushi lenyewe liliitwa Shock!, muuzaji alikuwa Screen Gems, tawi la runinga la kampuni ya Columbia, na filamu zilikuwa kuukuu za studio ya Universal: Dracula ya 1931, Frankenstein ya mwaka huohuo, na ndugu zao. Watoto waliokaa macho kuziangalia hawakuwa wamezaliwa zilipotengenezwa. Vituo vikawa na kibarua kigumu. Filamu imezeeka, muda wake ni usiku wa manane, tangazo la biashara la maana halipatikani saa hizo. Utamfanyaje mtu asizime runinga akalale?

Wakatafuta mtu. Wakamchukua mfanyakazi wa kituo, mara nyingi yuleyule anayesoma hali ya hewa mchana, wakamvika joho jeusi, wakampaka unga usoni, wakamweka kando ya jeneza. Kazi yake ilikuwa kuifungua filamu, kuikatiza katikati, kuitania, kisha kuifunga na kuwaaga watu wakalale. Sisi tuliokulia vibanda vya video hatuhitaji maelezo marefu hapa. Ukimjua Lufufu wa Tanzania, au DJ Afro wa Kenya, au VJ Jingo wa Uganda, basi umeshamjua nusu ndugu yao wa Marekani. Wa kwetu anasema juu ya filamu nzima, anatafsiri, anawapa wazungu majina ya mtaani. Wa kwao alingoja filamu ikatike ndipo aingie.

Hata hivyo wa kwanza wao alitangulia furushi hilo, na alikuwa mwanamke. Maila Nurmi, mwenye asili ya Finland, alianza mwaka 1954 kwenye kituo cha KABC cha Los Angeles kwa jina la Vampira. Gauni jeusi la kubana, kiuno chembamba ajabu, kucha ndefu. Alitokea kwenye ukungu akitembea polepole, akafika mbele ya kamera akapiga ukelele, halafu akatulia kama mtu aliyekunywa chai nzuri. Mwaka 1955 kipindi kilikwisha. Kilirushwa moja kwa moja, kwa hiyo karibu chote kimepotea. Vimebaki vipande na picha. Baadaye akatokea bila kusema neno kwenye Plan 9 from Outer Space, filamu ya Ed Wood, na baadaye aliuza vito alivyovitengeneza kwa mkono wake. Mwaka 1981 Cassandra Peterson alipoanza kuwa Elvira, Los Angeles hiyohiyo, naye akiwa kwenye gauni jeusi, Nurmi alikwenda mahakamani. Alishindwa mwaka 1989. Mahakama ilisema kufanana tu hakutoshi. Mimi bado naona alionewa, lakini mimi si hakimu.

Philadelphia walikuwa na John Zacherle, askari wa zamani wa Vita Kuu ya Pili, ambaye watu walikuja kumjua kama Zacherley. Huyu hakuridhika kungoja. Alijichomeka ndani ya filamu yenyewe: filamu inaendelea, mara unamwona yeye anachungulia, halafu inarudi kwa Dracula. Cleveland, kuanzia 1963, kulikuwa na Ernie Anderson aliyejiita Ghoulardi. Ndevu za bandia, koti la maabara, fataki za kulipulia vitu vya kuchezea studioni, na dharau tupu kwa filamu anazoonyesha. Aliwaambia watazamaji waziwazi kwamba filamu ya leo ni mbovu. Watu wakaipenda zaidi.

Mkono wa mtu huyu ndio ninaotaka uuone, msomaji. Mtoto akianza kuamini mno, mtangazaji anaingia na mzaha, na mtoto anakumbuka kwamba yuko sebuleni kwao, mama yuko chumba cha pili.

Sasa twende Pittsburgh. Huko alikuwepo Bill Cardille, kipindi chake kikiitwa Chiller Theater, tangu 1963. Mwaka 1968 kijana wa mji huo, George Romero, na wenzake walitoa filamu waliyoitengeneza kwa pesa za kuchangishana, kama dola 114,000: Night of the Living Dead. Maiti zinafufuka na kula watu. Damu yake ilikuwa shira ya chokoleti, maana kwenye filamu nyeusi na nyeupe nani atajua? Kuna mwandishi wa habari wa runinga anayehoji kundi la wanaume wenye bunduki wanaosaka maiti. Mwandishi huyo ni Cardille mwenyewe. Yule ambaye kila wiki aliwaambia watu wa Pittsburgh kwamba haya ni maigizo, safari hii yumo ndani ya maigizo, na hatanii. Anauliza maswali kama mtu wa habari za saa mbili.

Na mwisho wa filamu ile mnaukumbuka walioiona. Ben, aliyechezwa na Duane Jones, mtu mweusi, ndiye anayesalimika usiku kucha ndani ya nyumba ile. Asubuhi wanakuja waokoaji. Wanamwona dirishani, wanamdhania maiti, wanampiga risasi. Sina haja ya kuwaelezea wasomaji wa jarida hili kwa nini mwisho ule unauma kuliko maiti zote zilizotangulia.

Miaka 10 baadaye ikaja filamu ya kisu. Halloween ya John Carpenter, 1978, nayo ya watu binafsi wasio na studio kubwa nyuma yao. Bajeti kama dola 325,000. Walipiga picha California majira ya kuchipua wakijifanya ni Illinois majira ya majani kupukutika. Majani yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani, kisha yakaokotwa ili yamwagwe tena kesho. Kinyago cha muuaji kilikuwa sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek, kilichonunuliwa dukani kwa chini ya dola 2 na kupakwa rangi nyeupe. Muziki aliupiga Carpenter mwenyewe.

Pesa zilitoka kwa Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, Syria. Jina hili wengi wenu mnalijua bila kujua mnalijua: ndiye aliyetengeneza Ar-Risala, ile filamu ya Mtume ambayo Mtume mwenyewe haonekani, Anthony Quinn akiwa Hamza. Mtu mmoja, filamu mbili hizo. Novemba 2005 Akkad na binti yake Rima waliuawa kwenye milipuko ya mabomu hotelini, Amman.

Turudi ndani ya Halloween, maana watu huikumbuka kwa kisu na kusahau runinga. Usiku mzima wa filamu ile runinga imewashwa. Wasichana wawili, Laurie na Annie, wanalea watoto wa majirani, na watoto wanaangalia usiku wa filamu za kutisha wa mtu anayeitwa Daktari Dementia: saa sita za filamu mfululizo. Ni mtangazaji wa kubuni, lakini kila Mmarekani wa mwaka ule alimjua, alikuwa na wake mjini kwao. Kwenye kioo inapita The Thing from Another World ya 1951. Mtoto Lindsey ameganda mbele yake, haangalii kitu kingine. Kumbe muuaji yuko nje, halisi, na Daktari Dementia hawezi kumkatiza. Hapo ndipo Carpenter alipofanya kitu kipya. Kisu kilikuwepo tangu Psycho ya 1960. Yeye alimwacha mtangazaji wa mzaha aendelee na kazi yake runingani, halafu akalipeleka zimwi upande mwingine wa barabara ambako hakuna anayelitania.

Mtoto wa pili, Tommy, ndiye anayeliona. Amechungulia dirishani, ameona mtu amebeba mwili. Anasema. Laurie anakwenda dirishani, haoni kitu, anamwambia hakuna zimwi. Si msichana mbaya, ana upendo, anafanya vile mtu mzima yeyote angefanya. Kuna wazazi hapa kambini ambao mtoto wao aliwahi kusema nimeona watu pale mgombani, wakamwambia lala. Wanajua wenyewe.

Halafu linakuja jambo dogo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote katika filamu ile. Laurie amejeruhiwa, anakimbilia nyumba ya jirani, anagonga, anapiga kelele za kuomba msaada. Taa ya nje inawaka. Mtu anachungulia. Kisha taa inazimwa. Basi. Dakika haijaisha.

Nimeiona filamu hii kibandani zaidi ya mara moja. Watu wanacheka muuaji anapojifunika shuka jeupe na kuvaa miwani. Wanapiga kelele kisu kinapotoka. Lakini taa ya jirani ikizimwa hakuna anayecheka. Kuna jioni mzee mmoja nyuma alisema tu, "Ee, ndivyo," na msimuliaji wetu, ambaye kawaida hafungi mdomo hata kwenye busu, aliweka maiki chini mpaka Laurie alipovuka barabara kurudi.

Kwa hiyo wafanyakazi wa mashirika mnapouliza, na mnauliza mara kwa mara, kwamba watu waliokimbia mapanga wanatafuta nini kwenye filamu za visu, swali lenu si baya. Lakini mmeliangalia kopo, hamjaangalia aliyelishika. Filamu hiyohiyo ikiangaliwa na kijana peke yake kwenye simu, na vifaa vya masikioni, chini ya blanketi, ni kitu kingine kabisa. Hapo hakuna Zacherley. Kibandani yupo. Wa kwetu anatangaza mapema: wenye moyo mwepesi tokeni mkanunue karanga, mtarudi nikiwaita. Watoto wadogo anawafukuza saa moja ya jioni, na hapo namuunga mkono, ingawa wanachungulia kwenye matundu ya turubai. Anawaambia damu hii ni rangi, halafu anawaonyesha: tazama, koti limekauka. Kwa kweli Halloween haina damu nyingi. Watu huapa wameona mito ya damu, ukiirudia unakuta matone.

Hollywood hata ilimtungia filamu mtangazaji anayefukuzwa kazi na filamu hizi za kisu. Fright Night ya 1985 ina Peter Vincent, mzee anayetangaza filamu za kutisha runingani, aliyechezwa na Roddy McDowall. Jina ni la waigizaji wawili, Peter Cushing na Vincent Price, limeunganishwa. Amefukuzwa kazi kwa sababu vijana hawataki tena wauaji wa mazimwi, wanataka vichaa wenye vinyago wanaokatakata wasichana. Kisha kijana mmoja anamfuata na kumwambia jirani yangu anakunywa damu, nisaidie. Yaani kuna mtoto aliyeamini kwamba mtangazaji anaweza kweli kupambana na zimwi. Mzee ni mwoga kupita kiasi, na mwishowe anakwenda. Filamu hiyo ilitolewa na Columbia, wenye Screen Gems, walewale walioanza biashara hii kwa furushi la 1957.

Hawakuisha wote. Elvira alibaki na haki ya jina lake, akaishi vizuri. Chicago, Rich Koz alirithi jina la Svengoolie kutoka kwa Jerry G. Bishop na bado anaonyesha filamu kuukuu huku akirushiwa kuku wa mpira. Joe Bob Briggs alirudi mwaka 2018, safari hii kwenye intaneti.

Msimuliaji wetu sasa anayo pia Night of the Living Dead, na anayo kihalali. Filamu ilipobadilishwa jina kabla ya kutolewa, alama ya hakimiliki ilisahaulika, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya kila mtu. Ndiyo maana vituo vingi vya runinga viliionyesha bure, na watangazaji wa majoho wakaila miaka na miaka. Juzi alikuwa anaiandaa, anatafuta majina ya kuwapa wale wenye bunduki. Nikamwonyesha yule mwandishi wa habari, nikamwambia huyu ni mwenzako, kazi yake ilikuwa hii yako. Akairudisha nyuma kidogo, akamwangalia mpaka alipotoka kwenye picha.

"Na jenereta," akaniuliza, "alikuwa anajinunulia mafuta mwenyewe?"