Hukumu za Kibanda Umiza

Sheria ya kwanza ya kibanda cha video ilikuwa fupi: steringi hafi. Akifa, mwenye kibanda ajibu. Nimeona watu wazima, wenye familia zao, wakidai kiingilio warudishiwe kwa sababu jamaa aliyepambana na majambazi tangu mwanzo wa picha kapigwa risasi dakika za mwisho. Ukiwaambia mtunzi ndivyo alivyopenda, wanakuuliza mtunzi huyo kalipa shilingi ngapi kuingia.

Mjomba alikuwa na kibanda Manzese, upande wa Tip Top: mabati ya zamani, magunia ya kuziba mwanga, mabenchi ya mbao zilizobaki kwa mafundi ujenzi. Kazi yangu, jioni nikitoka shule, ilikuwa kukaa mlangoni na kopo la fedha. Shilingi 50 mtoto, 100 mkubwa, wa mgongoni bure. Kila aliyetoka alitoka na hukumu yake mdomoni, na usiku, tukihesabu sarafu, mjomba aliniuliza, "Wamesemaje?" Mkanda wa kesho ulitegemea jibu langu.

Wakubwa wa mtaa walitudharau kidogo. Wao walikuwa watu wa sinema zenyewe: Avalon, Empire, Odeon, na ile ya magari kule Msasani, mahali ulipo sasa ubalozi wa Marekani. Walimwona Amitabh Bachchan katika Don ya 1978 akiwa mkubwa kuliko nyumba, si huyu wetu wa inchi 21 anayetetemeka kila kichwa cha deki kikishika vumbi. Lakini sinema zilikuwa mjini, na nauli ni nauli. Televisheni nayo Tanzania Bara ilichelewa hadi 1994. Katikati hapo ndipo deki ilipopata ufalme wake. Deki ziliingia miaka ya 1980, zikaongezeka Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, alipolegeza biashara, na mtu mwenye deki, runinga na benchi nne akawa na ukumbi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ilitaka picha zikaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Mabanda mengi yaliishi ubavuni mwa sheria hiyo, kimyakimya, mpaka siku mjumbe anapopita.

Lugha haikuwa kikwazo, maana tulikuwa na Lufufu. Derek Mukandala, ndilo jina lake, alianza kutafsiri papo kwa papo ukumbini akiwa na kipaza sauti, kisha akawa anarekodi sauti yake juu ya mkanda na mikanda hiyo ikasambaa mitaani. Hakutafsiri neno kwa neno. Alisimulia, akaeleza, akachomeka ya kwake, akamtania jambazi kabla steringi hajamgusa. Picha ya ovyo kutoka Hong Kong ilipopita kinywani mwake ilitoka na akili. Kwa upande wangu namhesabu miongoni mwa wahakiki wakubwa wa filamu tuliopata kuwa nao, ingawa hakuna aliyempa cheo hicho.

Kisha wakaja Wanigeria. Kule kwao biashara ilishika kasi 1992 na Living in Bondage, iliyotolewa na Kenneth Nnebue, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme aliyekuwa na shehena ya kanda tupu, akaona zitauzika vizuri zaidi zikiwa na kitu ndani. Bajeti ndogo, kamera ya video, nyumba ya rafiki. Kwetu walifurika mwanzoni mwa miaka ya 2000, na katika picha za ujambazi hakuna iliyotikisa kibanda chetu kama Issakaba ya Lancelot Imasuen.

Aliyeiona haisahau. Genge la vijana wenye hirizi, wakiongozwa na Ebube, yaani Sam Dede, wanaitwa mji baada ya mji kuwasaka majambazi. Wana panga linalojua mwenye damu mikononi: likisogezwa kwa muuaji, linabadilika rangi na kuwa jekundu. Na kila wakichimba wanakuta mzizi wa ujambazi umejificha kwenye kiti cha mheshimiwa fulani mwenye gari na kofia ya uchifu.

Mlango wangu ulijaa maneno wiki nzima. Kuhusu urahisi wa picha yenyewe watu walisema waziwazi: bunduki inalia kabla kidole hakijagusa, damu ni rangi ya nguo, mtu aliyekufa anapumua. Walicheka, wakasamehe. Ambalo hawakusamehe katika picha yoyote ya ujambazi ni upumbavu wa kazi. Jambazi akienda kuiba na gari lake mwenyewe, benchi zima liliguna. Mlinzi akilala mlango wazi, mmoja aliyekuwa mlinzi wa ghala Buguruni alisimama kuwaeleza wenzake zamu inavyokwenda. Manzese ya siku zile wizi tuliujua kwa karibu. Kila mtu alikuwa na dirisha lililowahi kung'olewa.

Jioni moja umeme ulikatika pale pale mtuhumiwa kapiga magoti na panga linamsogelea. Mkanda umekwama ndani ya deki, jenereta haina mafuta. Nilitegemea fujo za kudai fedha. Badala yake, gizani, kesi ikaendelea bila picha. "Huyu si mwizi, ni chambo," akasema mmoja. "Chambo gani mwenye saa ya dhahabu?" Benchi la nyuma lilikuwa la wapagazi waliotoka Shinyanga na Tabora, nao wakaingia na hoja yao: panga la nini, kwao sungusungu walikamata wezi wa ng'ombe kwa yowe, upinde na mishale, na mzee mmoja aliyeijua familia ya kila mtu. Walisema kweli. Sungusungu ilizaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na miaka kumi baadaye Augustine Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliihimiza hadi mitaani Dar es Salaam. Kumbe picha ya Kinaijeria ilikuwa inajadiliwa na watu waliowahi kulala nje na rungu.

Aliyewapinga wote alikuwa askari mstaafu wa jirani, tuliyemwita Afande Mzee. "Nyie mnashangilia panga," alisema. "Mtaani panga halipo. Kuna mtu anayepiga kelele mwizi, basi. Tairi na petroli vinafuata." Akanyamazishwa kwa miluzi. Umeme uliporudi panga likawa jekundu, waliosema chambo wakaambiwa wanunue chai, naye Afande akaondoka kabla ya mwisho.

Wakati huo hatukujua kwamba Issakaba ni Bakassi iliyosomwa kinyumenyume na kuongezwa herufi. Bakassi Boys walikuwa watu wa kweli, chimbuko lao wafanyabiashara wa mji wa Aba, Nigeria, hasa mafundi viatu wa soko la Ariaria, waliochoka kuporwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Wao nao walidaiwa kuwa na panga la kutambua wauaji. Jimbo la Anambra liliwatungia sheria mwaka 2000. Mei 2002 Human Rights Watch ikatoa ripoti ya mateso na mauaji yao ya hadharani, na Septemba polisi wa serikali ya shirikisho wakawavamia na kuwatawanya. Nilipoyasoma haya, nikiwa mtu mzima, nilimkumbuka Afande. Hata hivyo bado naamini waliompigia miluzi walikuwa wameona jambo ambalo picha zenye fedha nyingi hulikwepa: jambazi mkubwa hakai kichochoroni. Katika ujuzi wa mkosaji ni nani, Issakaba ilikuwa na akili. Katika uhakika wa kumjua, ilidanganya, na uongo huo ndio uliouza.

Waigizaji wetu walipoanza za kwao, baada ya Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003, benchi halikulegeza kamba kwa sababu ya undugu. Polisi wa kwenye picha akifika mapema, ukumbi mzima ulicheka.

Lakini malalamiko yaliyomsumbua mjomba kuliko yote hayakuhusu bajeti wala maadili. Yalihusu kukata picha vipande viwili. Mtu kakaa saa mbili kwenye mbao, mkubwa wa majambazi anakaribia kutajwa, yanatokea maandishi ya kungoja sehemu ya pili. Mjomba alijaribu kutoza kiingilio kipya hapo katikati. Hakutoka mtu. Walishika mabenchi kwa mikono, wakasema wamelipia kesi na hukumu haijasomwa. Kuanzia hapo alinunua sehemu zote kwanza ndipo aonyeshe, na kwenye ubao wa nje, chini ya jina la picha, nikawa naandika kwa chaki herufi kubwa: MPAKA MWISHO, KIINGILIO KIMOJA.