Kimya cha Chumba cha Arusi

Vita, kodi na mikataba huacha mashahidi, na mwanahistoria huwafuata mashahidi. Usiku wa kwanza wa mume na mke hauna shahidi atakaye kusema. Kwa hiyo jambo kubwa la maisha ya wazee wetu limepita kando ya vitabu: hofu ya kijana asiyejua aanzeje, hofu ya msichana asiyejua atakalotendwa, na kimya kilichokaa kati yao hata alfajiri. Mtu atakaye kujua jinsi watu wa Titye, na wa nyanda za juu za Kasulu na Kibondo kwa jumla, walivyooana katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, hupata habari za ng'ombe upesi kuliko habari za watu. Mwaka 1965 J. H. Scherer alitoa kitabu kizima juu ya ndoa na mahari katika nyanda za juu za Buha. Hapana ajabu, maana mahari ni kitu chenye hesabu. Ng'ombe akidaiwa, wazee hukaa barazani. Moyo ukitetemeka, haliitwi baraza.

Tumezoea kusema kwamba wazee hawakuyataja mambo ya unyumba kwa sababu ya haya, kana kwamba haya ilikuwa kufuli iliyofunga vinywa vyote. Tukitazama vyema twaona kwamba ilifunga vinywa vya watu fulani na kufungua vya wengine. Mama hakusema na bintiye, wala baba na mwanawe. Lakini shangazi, bibi, babu na kungwi walisema. Maneno yalikuwa yamegawanywa, na kila neno lilikuwa na mwenyewe.

Ili kuuona mgawo huo yatupasa kushuka pwani kwanza, kwa kuwa huko uliandikwa mapema. Mwaka 1858 Mwana Kupona alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utenzi wa wasia juu ya mwenendo wa mke. Humo mama ataja usafi, manukato, adabu ya kusema na mume, na uangalizi wa usingizi wake. Kisha husimama mlangoni. Kuingia ndani ilikuwa kazi ya mwingine. Mwaka 1903 ulichapwa huko Ujerumani mkusanyo wa Desturi za Wasuaheli, ambao sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Huyo aliandika bila kuona haya habari za mwari, za unyago na za arusi, maana alizihesabu kuwa elimu kama elimu nyingine.

Hata asiyesoma kitabu hicho aweza kuisoma lugha yenyewe. Kungwi, au somo, ni mwanamke mzima amfundaye mwari na kumwongoza siku ya arusi. Kipa mkono ni zawadi ambayo bwana arusi humpa bibi arusi anapomwendea mara ya kwanza. Fungate ni siku saba ambazo maarusi hukaa ndani wakitunzwa, wasitafute kazi wala chakula. Tuyapime maneno haya matatu. La kwanza lakiri kwamba msichana hajui, na kwamba kutojua kwake si aibu yake. La pili lakiri kwamba ana hofu, na kwamba mume hana budi kusimama na kumtuliza kabla ya kumgusa. La tatu lakiri kwamba usiku mmoja hautoshi. Watu waliozitunga desturi hizi waliijua hofu ya maarusi, wakaijengea nyumba.

Lakini mwanahistoria asiwe mshairi wa sifa tupu. Katika nyumba hiyo hiyo kilikuwapo kisarawanda, nguo ya bibi arusi ambayo ilitolewa nje kuwa ushahidi wa ubikira wake. Mwili wa msichana ulifanywa hati ya heshima ya ukoo, isomwe na wengi. Hofu ya mwanamume nayo haikuwa ndogo: akishindwa, habari haikukaa chumbani. Mafundisho yalipunguza hofu ya kutojua, yakaongeza hofu ya kuhukumiwa. Wala si kila msichana aliyefundwa alikuwa ameulizwa kama amemtaka mume aliyepewa.

Buha haikuwa na unyago kama wa pwani, lakini ilikuwa na mgawo wa maneno wa namna yake, kama zilivyokuwa nchi nyingine za maziwa makuu. Buganda shangazi huyo huitwa ssenga, na kazi yake ya kumfunda binti wa kaka yake yajulikana hata leo. Tena kulikuwa na utani wa wazee na wajukuu. Bibi amwitapo mjukuu wake wa kiume "mume wangu", watu hucheka. Lakini katika mzaha huo mtoto husikia mambo ambayo baba yake hangethubutu kuyatamka. Shule hiyo haikuwa na siku wala saa maalumu. Ilihitaji jambo moja tu, kwamba mkubwa na mdogo wawe mahali pamoja jioni.

Jambo hilo ndilo lililovunjika. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Buha ikapita mikononi mwa Wajerumani, kisha Wabelgiji tangu 1916, kisha Waingereza tangu 1921, na kodi ikadaiwa kwa fedha. Vijana wa Kasulu na Kibondo wakawa miongoni mwa wengi waliokwenda mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, wakahesabiwa siku kwa kipande. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao, SILABU, ya kuwakusanya na kuwasafirisha. Kijana aliondoka katika umri ule ule ambao angeketi na babu yake. Aliporudi alikuwa na fedha ya mahari na nguo mpya, lakini maneno ya jioni zile yalikuwa yamempita.

Tena yalikuja mafundisho ya misheni na shule. Wengi katika wamisheni walizikataza ngoma za kufunda kwa kuziona uchafu, wasiweke kitu mahali pake. Si wote. Huko Masasi, Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa askofu, alianza mwaka 1913 kufanya jando la Kikristo, kwa kuwa alitambua kwamba ukimwondoa mwalimu, mwanafunzi habaki mtakatifu, hubaki mjinga.

Na waliotuhukumu hawakuwa na elimu kutushinda katika jambo hili. Marie Stopes, Mwingereza mwenye shahada ya udaktari katika elimu ya mimea, aliolewa mwaka 1911. Ndoa hiyo ilibatilishwa baadaye kwa kuwa haikutimizwa. Mwaka 1918 akatoa kitabu juu ya mapenzi ya mke na mume, kikanunuliwa kwa wingi sana. Hivyo nchi iliyoleta maofisa wake Kasulu ilikuwa na kimya chake yenyewe, tena kisicho na kungwi.

Kimya tulichorithi sisi basi ni nusu ya kile cha wazee. Tumeshika katazo, tumempoteza mfasiri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na mvulana kwa miaka 18. Katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Hoja ilikuwa usawa na umri. Lakini nyuma ya hoja hiyo amesimama mtoto aliyetiwa chumbani bila kufundwa na yeyote, na bila neno la kukataa.

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika chumba cha arusi ulimwengu ni mtu mmoja tu, naye mara nyingi hakufunzwa vile vile. Kisarawanda na kirudi sandukuni kisitoke tena. Lakini kazi ya shangazi yahitaji mtu wa kuifanya, akiwa shangazi mwenyewe, mwalimu, au mganga wa zahanati.