Kuanza kujifunza uchoraji wa Kichina: kwanza karatasi, kisha mwanzi

Wasikilizaji wanaotaka kujifunza uchoraji wa kijadi wa China mara nyingi hutuuliza wanunue rangi gani. Jibu letu ni kwamba rangi inaweza kusubiri. Anayeanza anahitaji vitu vinne ambavyo Wachina huviita hazina nne za chumba cha kusomea: brashi, wino, karatasi na jiwe la kusagia wino. Wino wa chupa unatosha kwa mazoezi, kwa hiyo hata jiwe si la lazima siku ya kwanza.

Kinachomsumbua mwanafunzi ni karatasi. Karatasi ya Xuan hutengenezwa katika wilaya ya Jing, mkoani Anhui, kwa magome ya mti wa qingtan na mabua ya mpunga, na mwaka 2009 UNESCO iliuweka ufundi huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Karatasi hiyo ikiwa mbichi hunywa maji papo hapo. Mkono ukisita, doa linatanuka. Mstari ukishapigwa haufutiki, wala hakuna rangi ya kuufunika. Ipo pia iliyotiwa shabu na gundi ili wino usienee. Hiyo hutumiwa kwa mtindo wa gongbi, wenye mistari myembamba na rangi zinazopakwa tabaka kwa tabaka. Ile mbichi ni ya xieyi, mtindo wa mapigo machache. Wengi hukimbilia xieyi wakidhani uchache huo ni urahisi. Sisi tunaona kinyume chake: pigo moja baya kati ya saba halina pa kujificha.

Ndiyo maana somo la kwanza huwa mwanzi, ambao shina lake na majani yake huhitaji mapigo machache tu yanayorudiwa. Brashi hulowekwa kwenye wino mwepesi, ncha ikachovywa kwenye wino mzito. Shina huanzia chini: kandamiza, vuta juu, tua, inua. Acha pengo dogo, kisha piga pingili inayofuata. Mafundo huwekwa kwa wino mweusi kabla shina halijakauka, halafu matawi, na majani mwisho. Kwa jani, ncha inagusa, brashi inalala, kisha inanyanyuliwa huku mkono ukiendelea kwenda. Weka kitambaa karibu cha kupunguza maji, kwa sababu makosa mengi ya mwanzo ni ya maji kuzidi. Fanyia mazoezi kwenye magazeti ya zamani, ila ujue kwamba hayanywi wino kama Xuan.

Baada ya hapo mwanafunzi hunakili kazi za waliomtangulia. Jambo hili huwashangaza wageni, lakini China kunakili si wizi. Xie He, aliyeandika kanuni sita za uchoraji yapata miaka 1,500 iliyopita, aliifanya kuwa kanuni ya sita. Qi Baishi, aliyezaliwa mkoani Hunan mwaka 1864, alikuwa seremala kijana alipoazima kitabu cha mafunzo cha Bustani ya Mbegu ya Haradali, ambacho sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1679, akakinakili. Baadaye alisifika kwa michoro ya kamba, ambao alifuga ili awatazame. Na hata uzeeni aliendelea kuwabadilisha, akiwapunguzia miguu.