Kioo Janja cha Saluni, na Meli Iliyokuja Kigoma kwa Masanduku 5,000

Wadau, leo tunaweka pembeni nani kaachana na nani, ingawa ukisoma mpaka katikati utakutana na udaku wa mwaka 1876. Leo ni kuhusu kioo.

Bila shaka mshaviona vile vioo mtandaoni. Mtu anapiga mswaki, anajitazama, na pembeni ya sura yake pameandikwa saa, tarehe, joto la leo na vichwa vya habari, kana kwamba maandishi yanaelea ndani ya kioo. Wengi wanajua ni mambo ya hoteli za Dubai. Kumbe hivi vioo vya kujitengenezea vina historia fupi tu, na haikuanzia kwa tajiri. Mwaka 2012, tarehe 29 Februari, Waingereza walianza kuuza kikompyuta kinachoitwa Raspberry Pi, ukubwa wake kama kadi ya benki, lengo likiwa watoto wa shule wajifunze kompyuta kwa bei ndogo. Miaka miwili baadaye, 2014, Mholanzi mmoja aitwaye Michael Teeuw akaonyesha kioo alichotengeneza nyumbani kwa kutumia hicho kikompyuta. Wazo alilipata dukani New York, alipoona kioo chenye maandishi ya mwanga yanayotokea ndani yake. Akaandika hatua zote, akaigawa programu yake bure, akaiita MagicMirror.

Mwaka 2016 ikaja toleo jipya, na hapo ndo mambo yakanoga. Kioo kikawa kama kabati lenye droo. Saa ni kipande kimoja, hali ya hewa kipande kingine, kalenda kingine, habari kingine. Vipande hivyo vinaitwa moduli. Ukitaka ratiba ya mpira, unatafuta moduli ya mpira ambayo mtu usiyemjua, wa nchi usiyoijua, ameiandika usiku kwake akaiweka mtandaoni. Unaichomeka. Ikikataa, unaanza kumtafuta mchawi.

Sasa huku kwetu Kigoma yupo kijana wa Mwanga ambaye ameniomba nisimtaje jina, kwa sababu anadaiwa. Nitamwita Fundi. Kazi yake ni simu na redio. Aliona video, akamshawishi mama mmoja mwenye saluni kwamba atamtengenezea kioo ambacho hakuna saluni nyingine inacho kuanzia Gungu mpaka Ujiji. Mama akatoa kianzio, na sharti likawa moja: kiwe ukutani kabla ya Idi.

Kutengeneza chenyewe wala si uchawi. Unahitaji skrini, alipata ya kompyuta ya zamani akaivua plastiki yote. Unahitaji kioo cha njia mbili, kinachopitisha mwanga kidogo na kurudisha mwingi. Hicho hakukipata, akaenda kwa wale vijana wanaobandika tinti kwenye magari, wakambandikia karatasi ya fedha kwenye kioo cha kawaida cha dirisha. Siri iko kwenye giza. Pale skrini inapokuwa nyeusi wewe unaona sura yako, na pale penye maandishi meupe mwanga unapenya. Kwa hiyo nyuma ya kioo lazima pawe giza totoro. Kaupenyo kadogo tu kwenye fremu na kioo kinageuka kuwa dirisha linaloonyesha nyaya.

Siku ya kwanza kiliwaka. Siku ya pili kikaanza vituko.

Kituko cha kwanza kilikuwa hali ya hewa. Kioo kilisema jua kali wakati nje mvua inapiga mabati. Fundi akabadilisha moduli mara mbili, bado. Tatizo lilikuwa alama moja. Hiyo moduli inataka uandike mahali ulipo kwa namba, na Kigoma iko kusini ya ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza inaanza na alama ya kutoa: -4.88, halafu 29.63. Yeye aliandika 4.88 bila ile alama. Ukiifuata hiyo namba kwenye ramani unavuka ikweta kabisa, unatokea Sudan Kusini, karibu na mji wa Maridi. Kioo hakikudanganya, kilikuwa kinawaambia wateja wa Kigoma hali ya hewa ya Maridi.

Kituko cha pili ndicho kilichomlaza njaa. Jioni, saluni ikijaa na mashine za kukaushia nywele zikiwashwa, kioo kinajizima na kuwaka chenyewe. Kabla hakijazima, pembeni juu kulia kinatokea kialama cha njano cha radi. Na pale pembeni juu kulia ndipo alipoweka hali ya hewa. Sasa huku kwetu radi hatuzishangai, kwa hiyo wote, Fundi, mama na wateja, wakajua kioo kinatabiri mvua ya radi. Wiki nzima! Kumbe ile si radi ya mbinguni. Ni kikompyuta chenyewe kinalia kwamba umeme unaokifikia ni mdogo. Alikuwa amekichomeka kwenye chaja ya simu. Toleo lake linahitaji volti 5 na ampea 2.5, na chaja nyingi za simu za kawaida zinatoa ampea 1. Umeme wa ukutani ukiyumba kidogo, hapo hapo kinakata.

Na kila kikizimika ghafla, memori kadi inazidi kuumia. Mwisho ikaharibika kabisa, na skrini ikabaki nyeusi. Mama akabaki na kioo cha kawaida cha bei mbaya. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nionyeshe saa." Hakuna saa.

Hapa naomba tumwache Fundi kidogo na kadi yake, kwa sababu alichokifanya baadaye kinaeleweka vizuri ukijua bandari yetu.

Kigoma na Ujiji wamezoea kupokea vitu vya ajabu vikiwa vipande. Mwaka 1876 Stanley alifika Ujiji mara ya pili, safari hii akiwa na mashua iitwayo Lady Alice. Ilitengenezwa Uingereza ikiwa vipande, ili wapagazi waibebe, ifungwe kwenye maji, ifunguliwe tena. Moduli za karne ya 19, mnaona? Na matatizo yalianza mapema vilevile: vipande vilikuwa vikubwa mno kwa wabebaji na kwa vile vijia vya msituni, ikabidi vipunguzwe Zanzibar kabla msafara haujaondoka. Watu walizibeba hizo mbao mabegani kutoka pwani, zikaogelea Ziwa Viktoria, zikabebwa tena, zikazunguka Tanganyika yote.

Na udaku niliowaahidi ni huu: Alice alikuwa mchumba wa Stanley, binti wa Kimarekani aitwaye Alice Pike, waliyekubaliana wataoana akirudi. Januari 1876 yeye akaolewa na mwanaume mwingine. Yaani mashua inafika Ujiji na jina la mrembo ambaye tayari ni mke wa mtu, na mwenye mashua hana habari! Mitandao ingekuwepo angelia laivu. Lakini angalieni kitu kimoja. Jina la mchumba aliyemtosa tunalijua. Mtu aliyebeba kipande cha mashua yake begani kwa mamia ya kilomita, shuleni hatujawahi kutajiwa hata mmoja.

Baada ya hapo ikaja kubwa kuliko zote. Mwaka 1913, huko Papenburg Ujerumani, kiwanda cha Meyer kilijenga meli, kikaiunganisha, halafu kikaifungua yote na kuipakia kwenye masanduku yanayotajwa kuwa 5,000. Masanduku yakaja Dar es Salaam kwa bahari, yakapanda treni. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, mpya kabisa. Hapa masanduku yakafunguliwa, na meli ikaanza kuunganishwa upya ufukweni, ribiti kwa ribiti. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini ikiitwa Graf von Götzen, jina la gavana wa zamani wa Wajerumani.

Majina ya mafundi watatu wa Kijerumani waliosimamia yapo kwenye kila maelezo ya meli hii: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Lakini jamani, watu watatu hawawezi kupiga ribiti za meli ya urefu wa karibu mita 70. Waliopasha chuma moto, waliopokea, waliogonga, walioshika upande wa pili, walikuwa Waafrika na Wahindi. Hao wanaandikwa "vibarua" au "wafanyakazi wa huko", basi.

Julai 1916 Wabelgiji wanakaribia, Wajerumani wanarudi nyuma kwa reli. Amri ikatoka meli izamishwe isije ikatumiwa na adui. Hapa ndo napapenda kuliko pote. Mafundi hawakuilipua. Walipaka injini grisi nene kila mahali, wakajaza mchanga, wakaizamisha taratibu tarehe 26 Julai 1916, kama mtu anayelaza mtoto. Wabelgiji wakaja wakaiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakafungua, na injini ikakutwa bado inafaa! Miaka karibu nane chini ya maji. Mei 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, na ndiyo hiyo hiyo mnayoijua. Miaka ya 1970 injini za mvuke zikatolewa, zikawekwa za dizeli. Mwaka 2015 ndiyo iliyokwenda Kagunga kuwachukua wakimbizi wa Burundi na kuwaleta Kigoma. Umbo ni lile lile, kilichobadilishwa ni droo.

Turudi saluni. Aliyemsaidia Fundi ni mzee mmoja fundi mstaafu wa injini za boti, hajui kompyuta hata kuwasha. Alimuuliza swali moja: "Umezima vyote ukawasha kimoja kimoja?" Hakuwa amefanya hivyo. Alikuwa anabadilisha vitu vitatu kwa mpigo halafu anashangaa kipi kimeharibu.

Basi wakaanza upya. Kadi mpya, na ya pili yenye nakala iliyowekwa kwenye kimfuko cha plastiki na kufungwa nyuma ya fremu, ile ya kwanza ikifa unachomeka hii. Mzee akaiita "grisi yetu". Adapta sahihi. Moduli zote zikazimwa, ikawashwa saa peke yake, siku nzima. Kesho yake hali ya hewa, na ile alama ya kutoa. Kesho kutwa habari, skrini ikawa nyeusi tena, lakini sasa walijua ni ipi: koma moja imesahaulika kwenye faili la mipangilio. Koma moja inazima kioo kizima, hii programu haina huruma.

Saa nayo ilikuwa na kesi. Mama alilalamika kioo kinasema 7:00 usiku unapoingia, wakati ni saa moja. Hakuna sehemu ya kuchagua saa ya Kiswahili. Fundi akafanya ujanja ambao mimi nauona ni wa kiwango cha juu: aliiambia moduli ya saa kwamba iko São Paulo, Brazili. Brazili ya São Paulo iko nyuma yetu saa sita kamili, kwa hiyo saa zao kumi na mbili zinaangukia kwenye saa zetu za mdomoni. Ubaya wake tarehe haibadiliki mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ila saluni gani inafunguliwa usiku wa manane?

Kioo kiliingia ukutani siku mbili kabla ya Idi. Deni bado, ndiyo maana hana jina hapa. Nilimshauri aandike jina lake nyuma ya fremu kwa peni ya wino mzito, kesho na keshokutwa atakayekifungua ajue. Akacheka, akaandika. Akaandika na la mzee.

Na nyie wa Ujiji, Kibirizi, Gungu, Katonga: nyumbani kwenu kuna bibi au babu anayesimulia kwamba baba yake aligonga ribiti za Liemba mwaka 1914 au 1915? Muulizeni aliitwa nani, ukoo gani, alilipwa nini. Tupieni hapo chini kwenye maoni, jina kamili.