Dume kama Kipimo: Jinsia katika Historia ya Utafiti wa Hofu kwa Panya wa Maabara

Utafiti wa hofu maabarani una chimbuko lake katika kazi za Ivan Pavlov kuhusu mbwa, zilizochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1927. Katika mbinu iliyofuata, panya husikilizishwa mlio kisha hupigwa umeme hafifu miguuni. Baada ya marudio machache, mlio pekee humfanya agande. Mlio ukirudiwa bila umeme, kuganda hupungua. Hatua hii ya pili, yaani ufifishaji wa hofu, ndiyo iliyokuwa kielelezo cha tiba ya kuwakabilisha wagonjwa wa kiwewe na kile wanachokiogopa.

Panya huyo, kwa sehemu kubwa, alikuwa dume. Beery na Zucker walipochambua makala za mwaka 2009 walibaini kuwa, katika sayansi ya neva, tafiti za madume pekee zilizidi za majike pekee kwa uwiano wa 5.5 kwa 1. Hoja iliyozoeleka ilikuwa kwamba mzunguko wa uzazi wa jike, wa siku 4 hadi 5, huvuruga matokeo. Hoja hiyo haikuhimili uchunguzi. Mwaka 2014 Prendergast, Onishi na Zucker walipitia makala 293 kuhusu panya wadogo na kuonyesha kuwa matokeo ya majike hayakutawanyika kuliko ya madume.

Hata hivyo, kukosekana kwa mtawanyiko mkubwa zaidi hakumaanishi kuwa homoni hazina athari. Mwaka 2009 Milad na wenzake walionyesha, kwa panya wakubwa, kuwa awamu ya mzunguko ambamo ufifishaji hufanyika huathiri kumbukumbu yake. Kilichoitwa kelele kilikuwa sehemu ya jibu.

Kipimo chenyewe nacho kilikuwa na kasoro. Mwaka 2015 kundi la Rebecca Shansky liliripoti kuwa baadhi ya panya wakubwa, hasa majike, husikia mlio wakachomoka kwa kasi badala ya kuganda. Mtafiti anayehesabu kuganda pekee angemwandika jike huyo kuwa hakujifunza, ilhali amejifunza kwa namna nyingine.

Suala hili si la panya tu, kwani wanawake hupata maradhi ya kiwewe takriban mara mbili ya wanaume. Tangu mwaka 2016 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani huwataka waombaji wa fedha kuzingatia jinsia ya wanyama. Hatua hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi: jike akiingizwa maabarani huku tabia ya dume ikibaki kuwa kipimo, bado hajachunguzwa.